Siku moja Bridgetown, Barbados, ukishuka kwenye meli ya utalii: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Kila msimu wa meli ukianza, kuanzia Novemba mpaka Aprili hivi, maswali yanayorudi ni yaleyale, hasa kutoka kwa watu wetu walioko Marekani, Canada na Uingereza wanaowapeleka wazazi safari ya meli Karibiani. Nimeyapanga kuanzia ya msingi mpaka yale ya nadra. Muda wote nimeuandika Kiswahili, yaani saa mbili asubuhi ni saa mbili yetu.

## Ya kuanzia

Hivi kwa siku moja kuna cha maana cha kuona, au nibaki tu melini?

Shuka. Meli nyingi zinafunga gati mnamo saa mbili asubuhi na kung'oa nanga saa kumi na moja au kumi na mbili jioni, ukitoa muda wa kushuka na wa kurudi unabaki na masaa sita au saba. Kisiwa ni kidogo, urefu kilomita 34 na upana kilomita 23, ila barabara ni nyembamba na foleni zipo, kwa hiyo ramani isikudanganye.

Ushauri wangu siku zote ni huohuo: kitu kimoja kikubwa na kimoja kidogo, basi. Asubuhi mji, mchana bahari. Au pango asubuhi na mlo mzuri mchana. Wanaorudi melini wamechoka hawakumbuki hata walichoona ni wale waliotaka pango, pwani ya mashariki, kiwanda cha ramu na kasa vyote siku hiyohiyo.

Tunafunga gati au tunashushwa kwa viboti?

Bridgetown meli inafunga gati kabisa, bandari yao ya kina kirefu ilifunguliwa 1961 na meli kubwa zinaingia bila shida. Hii ni habari njema kwa wazee na wenye magongo au viti vya magurudumu, maana visiwa vya kushushwa kwa viboti bahari ikichafuka kidogo tu mzee anabaki melini.

Watu wa kule wakoje, na wanaongea nini?

Kiingereza, na wenyewe kwa wenyewe wanaongea lahaja yao ya Kibajan inayokwenda mbio kweli. Asilimia kubwa sana ya watu ni wa asili ya Afrika. Kitu cha kujua ni salamu: ukiingia dukani, ukipanda gari, ukitaka kuuliza njia, salimia kwanza. Ukianza moja kwa moja na "hii bei gani?" wanakuona huna adabu, na hapo mtu wa pwani yetu atawaelewa mara moja. Mama mmoja muuza matunda pale mjini aliponiona natua na salamu kamili aliacha kila kitu akaanza kuniuliza natokea wapi, na embe la tatu akanipa bure.

## Makaratasi na saa

Nina paspoti ya Kenya/Tanzania, nahitaji viza ya Barbados?

Kwa Barbados yenyewe raia wa Kenya na Tanzania hawadaiwi viza kwa matembezi. Wenye paspoti ya Kongo au Burundi hali ni tofauti, ulizeni kampuni ya meli kabla ya kulipa, na waulizeni kwa maandishi ili jibu libaki.

Lakini mtego wenyewe mara nyingi hauko Barbados, uko kwenye visiwa vya jirani na kwenye kurudi. Meli ikipita Martinique au Guadeloupe hapo ni Ufaransa, na viza ya Schengen ya kawaida siyo lazima ikufae kule. Na kama meli inaanzia na kuishia Marekani na wewe una viza ya kuingia mara moja tu, kushuka kwenye meli mwishoni ni kuingia Marekani upya, hilo ulitatue kabla hujakata tiketi. Mwenye grinikadi abebe grinikadi PAMOJA na paspoti ya nyumbani.

Paspoti niende nayo mjini au niiache?

Fuata tangazo la meli la siku hiyo. Kwa kawaida unashuka na kadi ya meli na kitambulisho chenye picha, paspoti inabaki kwenye kasiki la chumbani, na picha yake inakaa kwenye simu. Kuna faida ya kuiacha pale nimeieleza kwenye swali la kuachwa na meli, huko chini.

Saa ya meli na saa ya kisiwa ni moja?

Siyo lazima, na hapa ndo watu wanapoachwa. Barbados haibadilishi saa mwaka mzima, iko nyuma ya Afrika Mashariki kwa masaa saba (wao saa kumi na moja jioni, Dar na Nairobi ni saa sita usiku, kwa hiyo simu ya kumpigia bibi pigeni asubuhi). Kama ulipandia meli Miami, majira ya baridi kule iko nyuma ya Barbados kwa saa moja. Sasa nahodha akisogeza saa ya meli usiku halafu wewe saa yako ya mkononi bado inasoma Miami, unajiona una saa nzima ya ziada ambayo haipo.

Ukifika mlangoni kabla ya kushuka angalia saa ya pale, linganisha na ya mkononi, na soma ubao unaoandika muda wa mwisho wa kupanda. Muda huo kawaida ni nusu saa kabla ya kuondoka. Mimi najiwekea lisaa limoja kabla ya huo muda, na sijawahi kujutia.

## Kutoka bandarini

Mjini naweza kwenda kwa miguu?

Unaweza, ni kama kilomita moja na nusu, dakika ishirini za mwendo wa kawaida. Unatoka getini unafuata barabara ya kando ya bahari, unapita Pelican Village ambako kuna maduka ya mafundi wa ngozi, vyungu na vinyago, hata kama hununui pumzika pale kivulini. Jua la kule saa nne asubuhi tayari linachoma, kwa hiyo kofia na maji. Maji ya bomba Barbados ni salama kabisa, yanachujwa na mwamba wa matumbawe ambao ndio sehemu kubwa ya kisiwa, kwa hiyo jaza chupa yako usinunue ya plastiki.

Teksi zikoje?

Hazina mita. Namba za gari za teksi zinaanza na Z. Kubaliana bei KABLA ya kukaa, na uulize ni dola gani anazotaja, ya Marekani au ya Barbados, maana moja ni mara mbili ya nyingine (angalia sehemu ya pesa). Mkiwa familia ya watu wanne au watano teksi ya masaa matatu manne mara nyingi inakuja nafuu kuliko ziara inayouzwa melini, na dereva anakuwa mwongozaji pia.

ZR ndo nini? Naona watu wanazitaja sana.

Ni vipanya vyeupe vyenye mstari wa rangi ya damu ya mzee, namba zake zinaanza na herufi ZR na watu wanaziita hivyohivyo. Ni daladala, ni matatu, hakuna namna nyingine ya kukueleza: muziki unatikisa kioo, konda anakusogeza "mmoja zaidi", abiria wa nyuma anapitisha hela mbele mkono kwa mkono na chenji inarudi njia ileile bila kupungua senti. Na mtu akipanda anasalimia gari zima, na gari zima linaitika. Kwangu mimi dakika kumi ndani ya ZR ni za thamani kuliko nusu ya ziara zinazouzwa melini.

Kuna pia mabasi ya bluu ya serikali na ya njano ya watu binafsi. Nauli ilipanda 2019 ikawa dola 3.50 za Barbados, uende karibu uende mbali. Kwenye basi la bluu uwe na hela kamili. Vituoni kuna vibao vya aina mbili, kimoja cha kwenda mjini na kingine cha kutoka mjini, na wanaendesha kushoto kama kwetu, kwa hiyo ukivuka barabara akili yako iko sawa. Saa za kurudi usiziegemee ZR dakika za mwisho, kwenye foleni ya jioni hata konda hawezi kufanya muujiza.

Je nikodi gari?

Kwa siku moja hapana. Utapoteza muda kwenye makaratasi na kibali cha kuendesha cha mgeni, halafu barabara za ndani katikati ya miwa zinafanana zote.

## Pesa

Nibadilishe hela?

Sio lazima. Dola ya Barbados imefungwa kwenye dola ya Marekani tangu 1975, mbili kwa moja, haipandi haishuki. Noti za dola ya Marekani zinapokelewa karibu kila mahali, chenji utapewa ya Barbados, kwa hiyo beba noti ndogondogo, ya mia moja acha. Kadi zinafanya kazi madukani na mikahawani. Sokoni, kwenye ZR na kwa wauza nazi ni keshi.

Mgahawani angalia bili vizuri, mara nyingi asilimia 10 ya huduma imeshawekwa humo, usilipe bahashishi mara mbili bila kujua.

Simu je, roming itanimaliza?

Inaweza. Meli ikiwa baharini simu inashika mtandao wa meli wa setilaiti na huo ndo unaokula watu, zima data mpaka ufike nchi kavu. Mjini mikahawa mingi ina waifai.

## Bahari

Ufukwe gani mzuri wa karibu?

Carlisle Bay, kusini tu mwa mji. Kutoka bandarini kwa miguu ni dakika kama arobaini ukipita katikati ya mji na daraja la Chamberlain, kwa teksi ni dakika chache. Maji yametulia, mchanga mweupe, na fukwe zote za Barbados ni za umma hata zile zilizo mbele ya hoteli, hakuna wa kukufukuza. Viti na miavuli ni vya kukodi, kama una kanga yako tandika.

Kasa kweli wapo, au mpaka nilipie boti?

Wapo, kasa wa kawaida na ng'amba, wote wawili. Ndani ya Carlisle Bay kuna hifadhi ya bahari na mabaki ya meli sita zilizolala chini, mojawapo ni tagi (boti ya kuvuta meli) ya Kifaransa iitwayo Berwyn iliyozama 1919 na iko kwenye maji mafupi kiasi kwamba ukiwa na miwani na mrija unaiona bila kupiga mbizi. Ukitulia juu ya maji, bila kurusha miguu, unaona samaki wanatoka kwenye matundu ya chuma, halafu kasa anapita chini yako taratibu, anapanda kuvuta pumzi mara moja, kichwa nje, macho yanakutazama, anashuka tena.

Boti zinazopeleka watu zipo nyingi na baadhi wanarusha samaki ili kasa wakusanyike. Mimi sipendi kabisa, kasa anazoea kufuata injini na siku moja panga la boti linamkata. Uliza kabla ya kulipa kama wanalisha, wakisema ndiyo tafuta boti nyingine. Na usimguse, hata kama mwenzako anataka picha.

Mti wenye alama nyekundu ufukweni maana yake nini?

Maana yake usiusogelee. Ni mti unaoitwa manchineel, majani ya kijani yanayong'aa na tunda dogo kama tufaha bichi. Utomvu wake ni sumu, ukikudondokea ngozi inatoka malengelenge, na tunda likiliwa linachoma mdomo na koo. Kosa la kawaida ni kujificha mvua chini yake, maana mvua inaosha utomvu inakumwagia mgongoni. Mingi imepigwa mstari mwekundu au kibao, ila sio yote, kwa hiyo watoto waambieni mapema: tunda la ufukweni haliokotwi. Mvinje upo pia mwingi pale ufukweni, huo unaujua, kaa chini yake kwa amani.

Nimeona picha za Bathsheba, mawe makubwa baharini, twende tukaogelee?

Kwenda nendeni, kuogelea hapana. Ule ni upande wa mashariki, Atlantiki yenyewe, mikondo inavuta na mawimbi ni ya watu wa ubao wa kuteleza ambao wameizoea. Kwa gari hesabu dakika arobaini na tano au zaidi kila upande. Wengine wanakuta mwani aina ya sargasamu umejaa ufukweni, tangu 2011 umekuwa ukija kwa wingi miaka kadhaa, na unapiga zaidi mashariki na kusini kuliko magharibi.

## Mji na historia

Mimi siyo mtu wa bahari. Mjini kuna nini?

Kuna mengi kuliko wanavyokuambia melini, na kwa mtu aliyetoka Afrika hii ndiyo sehemu ya kukaa. Katikati ya Bridgetown na eneo la kijeshi la Garrison yamo kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu 2011. Anzia uwanja wa National Heroes. Zamani uliitwa Trafalgar na sanamu ya Nelson, amiri wa jeshi la majini la Uingereza, ilisimama hapo tangu 1813 mpaka Novemba 2020 ilipoondolewa. Mwaka uliofuata, 30 Novemba 2021, nchi ikamwondoa Malkia wa Uingereza ikawa jamhuri, tarehe ileile ya uhuru wao wa 1966. Majengo ya bunge yako hapohapo, bunge lenyewe limeanza 1639. Karibu na hapo kuna sinagogi la Nidhe Israel, Wayahudi walilianzisha 1654.

Kutoka hapo tembea mpaka Queen's Park ukauone mbuyu. Ndiyo, mbuyu wetu, shina lake mzunguko unapita mita 15, na asili yake ni Afrika. Simama chini yake. Ukiangalia watoto wa shule wanavyokula aiskrimu kwenye mizizi, na majina yao ni ya Kiingereza kwa sababu majina ya mababu yalifutwa kwenye mashamba ya miwa, utajua kwa nini nasisitiza mji kabla ya bahari.

Kuna sehemu ya kumbukumbu ya utumwa?

Ipo sanamu ya Ukombozi, imewekwa 1985, mtu mweusi ameinua mikono na minyororo imekatika. Kila mtu anaiita Bussa, kwa jina la aliyeongoza uasi mkubwa wa 1816. Iko kwenye mzunguko wa barabara nje ya mji, kwa hiyo teksi. Makumbusho ya Barbados pale Garrison, ndani ya jela ya zamani ya jeshi, yanaeleza vizuri. Na ukiwa na dereva mwenyeji mwombe akupitishe Newton, makaburi ya waliokuwa watumwa, inakadiriwa watu zaidi ya 500 wamezikwa pale. Ni uwanja wa nyasi tu. Vua kofia, kaa kimya kidogo.

Pango la Harrison linafaa kwa mama mzee?

Linafaa, unapanda kigari unazungushwa ndani, hakuna kupanda milima. Weka nafasi mapema siku za meli nyingi.

## Chakula

Nile nini?

Chakula cha taifa ni kukuu na samaki wa kuruka. Kukuu ni unga wa mahindi unaosongwa na bamia pamoja na maji yake, mwiko wake ni bapa wa mbao, unasongwa mpaka ulainike na kuteleza, halafu unawekwa kwenye bakuli lililopakwa siagi na kupinduliwa sahanini. Samaki anakunjwa, anachemshwa na mchuzi wa nyanya, vitunguu na pilipili yao ya njano. Ukila ukapata ladha ya nyumbani usishangae, bamia yenyewe imetoka Afrika. Shelisheli pia lipo, la kuchoma na la kukaanga.

Ukiwa na haraka nunua mkate wa chumvi wenye vikeki viwili vya samaki vya kukaanga ndani, wao wanasema "mkate na viwili".

Mimi Muislamu, nitakula wapi na kuswali wapi?

Samaki utapata kila kona. Angalia vitu vitatu: soseji ya viazi vitamu na nyama yake ya siki inayouzwa Jumamosi ni nguruwe, mikate ya kujazwa mingi ina nguruwe, na keki nyeusi ina ramu. Waislamu wapo Barbados, wengi asili yao Gujarat, na msikiti upo maeneo ya Kensington, sio mbali na bandari. Kama ni Ijumaa na meli inaondoka jioni, Ijumaa unaipata bila presha.

## Ya nadra lakini yanatokea

Kweli nguo za mabakamabaka ya jeshi ni kosa?

Kweli, ni kosa la kisheria kwa raia, watoto pia, na begi na kofia vimo. Ziache melini.

Nikiachwa na meli je?

Ukiwa kwenye ziara iliyouzwa na meli wenyewe, meli inakusubiri au kampuni inakufikisha bandari inayofuata. Ukiwa umejiendea, ni juu yako. Mara nyingi wahudumu wakiona hujarudi wanafungua kasiki na kumwachia wakala wa meli bandarini paspoti yako, kwa hiyo mtafute wakala kwanza kabla ya kukimbilia uwanja wa ndege. Namba yake imeandikwa kwenye ratiba ya siku, ipige picha kabla ya kushuka. Halafu kabla ya kukata tiketi kumbuka jibu la viza: kisiwa kinachofuata kikiwa cha Kifaransa huenda usiruhusiwe kupanda ndege, hapo bora kuwahi kisiwa cha baada yake.

Tunafika Jumapili, au kuna kimbunga?

Jumapili maduka mengi yamefungwa, nendeni baharini. Msimu wa vimbunga ni Juni mpaka Novemba. Barbados iko mashariki sana na vingi vinaikwepa, ila Julai 2024 kimbunga Beryl kilipita kusini yake na kikavunja boti nyingi za wavuvi. Meli ikibadili njia mara nyingi hamna cha kudai zaidi ya ziara mlizolipia melini. Za nje someni masharti yake.

Mimi ni mfanyakazi wa meli kutoka Mombasa, nina masaa mawili tu.

Kwanza hakikisha huna zamu ya kubaki melini, ile mnayoiita IPM. Ukiwa huru usitumie muda wote kutafuta waifai ukiwa umekaa sakafuni pale terminali. Piga simu nyumbani njiani, tembea mpaka soko la Cheapside, ni karibu, nunua embe na nazi ya kunywa, kaa na watu. Muda wako wa kurudi ni wa mapema kuliko wa abiria, na chakula kibichi usipande nacho, getini kitachukuliwa.

Ramu naruhusiwa kurudi nayo?

Ndiyo, ila meli nyingi zinaichukua mlangoni na kukurudishia usiku wa mwisho, omba risiti. Ukishukia Marekani lazima uwe na miaka 21. Watengeneza ramu wa Mount Gay wana hati ya mwaka 1703 na kituo chao cha wageni kiko karibu na bandari. Matumbawe na makombe ya ufukweni yaacheni palepale.